Mwanangu Hataki Jando la Agosti, Nami Nimepanga Kumdanganya

Swali

Hamjambo wa safu ya ushauri. Kwetu ni Siaya, nimeolewa Bungoma, na kazi imetuleta Kitale. Mwanangu wa kwanza ana miaka 12, yuko Gredi ya 7. Mwaka huu ni shufwa, kwa hiyo Agosti Wabukusu wana jando. Watoto wawili wa shemeji yangu, mmoja wa miaka 13 na mwingine 14, wanaingia, na ukoo wa baba watoto umeamua wangu aingie nao ili fahali achinjwe mmoja na busaa ipikwe mara moja. Bei ya vitu mnaijua.

Shida ni kwamba mtoto hataki. Ameniambia mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anasugua sufuria, hakugeuka, akasema tu, "Mama, hiyo kitu sitaki." Mara ya pili ni usiku, shemeji alipokuwa amepiga simu. Alinifuata chumbani akaniuliza kama baba yake anaweza kumlazimisha. Sikumjibu.

Baba watoto si mtu mkali, ila anasema mtoto wa miaka 12 hajui anachotaka, na kwamba hakuna aliyemwomba ruhusa alipochanjwa surua. Mavyaa anasema hataki kufa akiacha mjukuu anayeitwa omusinde, yaani asiyetahiriwa. Kaka yangu wa Siaya naye amenifokea kwenye simu: Wajaluo hatukatwi, unatuuzia mtoto. Shuleni wapo waliokwisha kutahiriwa, na wanamcheka chooni.

Nimefikiria njia ya kati. Likizo ya Aprili nimwambie tunaenda hospitali kupima macho, maana amekuwa akilalamika kuwa haoni ubao. Tukifika apigwe ganzi, atahiriwe na mtu aliyesomea, mambo yaishe kabla ya Agosti na kile kisu chao. Tabibu wa kliniki moja ya hapa karibu ameniambia saini yangu inatosha, mtoto si lazima aulizwe.

Je, nakosea? Nani hasa mwenye haki ya kuamua? Akikubali, nifuate hatua gani asije akaumia? Na akikataa kabisa, Agosti nifanyeje?

Mama wa Kitale

Jibu

Mama wa Kitale, mpeleke akapimwe macho. Mtoto wa Gredi ya 7 asiyeona ubao ana shida yake, na kupimwa si kazi kubwa: atasimama mita 6 kutoka kwenye chati ya herufi, atasoma kwa jicho moja na kisha la pili, na mtajua kama anahitaji miwani. Lakini safari hiyo iwe ya macho, ianze na iishe hivyo.

Mpango wako wa Aprili tunaukataa, na tungeukataa hata kama hospitali ingekuwa bora kuliko zote nchini. Hebu kitazame chumba chenyewe. Kijana ameingia akitarajia herufi, anaambiwa avue suruali. Ganzi ya tohara hudungwa kwenye shina la uume, kisha sindano huzungushwa chini ya ngozi pande zote. Inataka mgonjwa aliyelala tuli. Mtoto aliyeshtukizwa hupiga teke, na sasa watu wazima wawili wamshike mikono na magoti. Sindano ikikosea mahali, ganzi haishiki vizuri, na kinachofuata hapo ni wembe. Halafu kuna wiki 6 za kupona ambazo zinamtegemea yeye kuliko wewe: ni yeye atakayesema pameanza kuuma, ni yeye atakayekubali muuguzi afungue bendeji. Aliyedanganywa huficha kidonda. Na siku nyingine ukimwambia "twende hospitali", hata akiwa na homa ya kweli, atakutazama mara mbili.

Umeiita njia ya kati. Kwa shemeji zako hakuulizwa, na kwako pia hakuulizwa. Ulichobadilisha ni kisu.

Tabibu huyo amekwambia uongo au hajui kazi yake. Utaratibu wa tohara ya hiari kwa aliye chini ya miaka 18 unataka mambo mawili pamoja: saini ya mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe kukubali baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Saini yako haiwezi kusimama mahali pa neno lake, wala neno lake halisimami mahali pa saini yako. Kliniki iliyo tayari kuruka hatua ya karatasi ina mahali pengine inaporuka, huenda ni kwenye kuchemsha vyombo. Usirudi pale.

Nani ana haki ya kuamua

Sheria ya Kenya haikatazi tohara ya wanaume, na wala hatudhani ingefaa ikataze. Inachokataza ni kulazimisha. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, kifungu cha 23, inaitaja tohara ya lazima kwa mtoto wa kiume katika orodha moja na ukeketaji na ndoa za utotoni. Katiba ya 2010 ilikuwa imeshafungua mlango huo: ibara ya 53 inamkinga mtoto dhidi ya mila zenye madhara, na ibara ya 44, ileile inayompa kila mtu haki ya utamaduni wake, inamalizia kwa kusema mtu asimlazimishe mwenzake kufuata mila au kupitia desturi. Swali alilokuuliza mtoto usiku ule, kama baba yake anaweza kumlazimisha, lina jibu. Hawezi. Mwambie mtoto hivyo leo jioni, kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote.

(Kwa wasichana sheria ni nyingine kabisa. Ukeketaji umepigwa marufuku kwa Sheria ya mwaka 2011, na hata mwenyewe akikubali, kukubali kwake hakumwokoi mkeketaji. Tunalisema kwa sababu kila tunapogusa jambo hili kuna msomaji anayeuliza mbona wavulana waulizwe na wasichana wasiulizwe. Kwa msichana hakuna faida yoyote ya kiafya ya kuweka kwenye mizani.)

Hoja ya chanjo inastahili kujibiwa vizuri, maana baba watoto hakuitoa kwa ubishi. Chanjo ya surua hutolewa miezi 9 na 18 kwa sababu surua haingoji. Ukimsubiri mtoto afike umri wa kuulizwa, huenda ugonjwa ukamfikia kwanza. Tohara ya kijana wa miaka 12 je, inakimbizana na nini? Faida yake kubwa iliyopimwa ni dhidi ya virusi vya UKIMWI. Majaribio matatu, Orange Farm huko Afrika Kusini, Kisumu hapa kwetu na Rakai kule Uganda, yalionyesha kuwa mwanaume aliyetahiriwa anapungukiwa na hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Matokeo yalikuwa wazi kiasi kwamba majaribio yalisimamishwa mapema, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaanza kuipendekeza. Lakini faida hiyo huanza pale mtu anapoanza kufanya ngono. Ile nyingine inayotajwa, ya kupunguza maambukizi ya njia ya mkojo, ina maana zaidi mwaka wa kwanza wa maisha, na wako aliupita zamani. Kungoja miaka 3, miaka 6, hakumpunguzii kijana wako kitu.

Kumharakisha ndiko kunakoweza kumpunguzia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 ulielekeza mipango ya tohara ya hiari kwa vijana wa miaka 15 na zaidi. Sababu mojawapo ni ridhaa. Nyingine ni ya nyama na damu: kwa wadogo, govi mara nyingi bado limegandamana na kichwa cha uume, na kichwa chenyewe ni kidogo. Njia ya kuvuta govi mbele, kulibana kwa koleo na kukata mbele ya koleo inamfanya mkataji asione kilicho ndani. Kwa watoto walio chini ya miaka 15 njia hiyo imewahi kuchukua kipande cha kichwa. Ipo pia hatari ya mrija wa mkojo kuguswa na wembe au sindano ya kushonea, ukatoboka na kuacha tundu la pili la mkojo upande wa chini, ambalo kulirekebisha ni upasuaji mwingine mkubwa kuliko tohara.

Wasomaji wa Pwani na wa dini zenye kutahiri wachanga watauliza: na mtoto wa siku saba, yeye anaulizwa vipi? Ni mjadala mwingine, na ni mzito. Mwaka 2012 mahakama ya Cologne, Ujerumani, ilisema kumtahiri mtoto wa miaka 4 kwa sababu za dini ni kumjeruhi. Kabla ya mwaka kuisha Bunge lao likapitisha sheria ya kuwaruhusu wazazi, mradi kazi ifanywe kitaalamu. Watu waungwana wamegawanyika hapo, kwa sababu mchanga hana neno na wazazi husema kwa niaba yake. Kwako hakuna mgawanyiko wa namna hiyo. Mtoto amesema, tena kwa sentensi ya maneno manne.

Ukoo wa Bungoma na kaka wa Siaya

Sasa mila, maana ukienda kwa wakwe na vifungu vya sheria mkononi utapoteza mtoto na ndoa kwa siku moja. Nenda na mila yao wenyewe.

Jando la Kibukusu, likifuatwa inavyotakiwa, halianzi na wazee. Linaanza na kijana. Yeye ndiye anayetangaza kwamba amekua, anayeomba njuga, zile wanazoziita chinyimba, na kuzipiga akizunguka kwa jamaa kuwaalika. Wakubwa humkemea, humwambia bado mdogo, humpima kama anatikisika. Hapo kale huo ndio uliokuwa mlango wa "ndiyo", na kijana alibisha mwenyewe. Wako hajaomba njuga. Kinachopangwa na shemeji zako ni kumfungia njuga mtu ambaye hajaziomba, na wazee wanaoijua mila wataelewa sentensi hiyo wasipoelewa nyingine yoyote. Mtafute mmoja wa namna hiyo katika ukoo, mwenye heshima kuliko shemeji, umweleze hivyo tu.

Jambo la pili ni khocha. Kijana wa Kibukusu huenda kwa mjomba wake, kaka wa mama, ambaye humchinjia na kumvisha kipande cha nyama shingoni. Bila mjomba shughuli ina pengo. Mjomba wa huyu ni yule anayefoka kwenye simu. Mwombe aache kufoka na badala yake ampigie baba watoto kwa upole, amwambie: mpwa wangu hajaja kwangu, akija mwenyewe nitachinja. Maneno hayo yatazuia mengi kuliko "Wajaluo hatukatwi".

Hata hivyo, usimdharau kaka yako. Mapema mwaka 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, wanaume wa Kijaluo walitahiriwa kwa nguvu barabarani na majumbani, Naivasha na Nakuru. Majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) walipoliangalia suala hilo Januari 2012 walilihesabu kuwa kitendo cha kinyama. Mtu wa Siaya akisikia mpwa wake anakatwa bila kutaka, anakumbuka jambo lenye tarehe. Ila mkumbushe naye kwamba mwaka huohuo wa 2008 ndipo mpango wa tohara ya hiari ulipoanza Nyanza, na mamia ya maelfu ya wanaume wamekwenda kwa miguu yao tangu hapo wasiache kuwa Wajaluo. Babu zake waling'olewa meno sita ya chini ili wawe watu wazima. Vijana wa leo wana meno yote, na hakuna anayewauliza kabila lao. Kwa hiyo asimwekee mtoto sharti la upande wa pili: siku akitaka, iwe ni 14 au 25, asije akaambiwa amewasaliti wajomba.

Kwa baba watoto, usiombe "kamwe". Omba "bado". Hofu yake ina msingi: kijana ataishi, ataoa na atazika watu katika jamii hiyo, na jina la omusinde kwa mtu mzima si mchezo. Lakini msimu unarudi kila baada ya miaka miwili. Atakuwa na 14, kisha 16, na rika la Kibukusu hubeba misimu kadhaa, haliishii kwa Agosti moja. Gharama ya fahali wa pili ni ya kweli pia. Wekeni kidogo kidogo kuanzia sasa, mwambie hivyo, ili ukosefu wa pesa usije ukageuzwa kuwa sababu ya mtoto kukatwa kabla ya kutaka.

Kumuuliza inavyotakiwa

Kabla ya yote, jua alichokataa. "Hiyo kitu" inaweza kuwa kisu. Inaweza kuwa kusimama uchi alfajiri amepakwa tope mbele ya shangazi na majirani. Inaweza kuwa maumivu, au video za simu zinazosambazwa baadaye, au kukatwa kwenyewe. Hizo ni hapana tofauti. Muulize mkiwa wawili, mikono ikiwa na kazi, kama ile ya sufuria. Wavulana wa umri huo husema zaidi wasipotazamwa usoni. Muulize "unaogopa nini?" na "ungependa iweje?", halafu nyamaza. Usimjazie maneno.

"Ndiyo" ya kuaminika ina dalili zake. Anaweza kueleza mwenyewe ni nini kitakatwa, kitauma lini, kitapona lini. Anajua kwamba akikataa hakuna kitakachobadilika: karo italipwa, baba ataongea naye, simu haitachukuliwa. Na vivyo hivyo hakuahidiwa baiskeli. Amelala nalo angalau wiki nzima, akaulizwa tena na mtu asiye wa ukoo. Mwombe muuguzi akae naye dakika 10 wewe ukiwa nje ya mlango. Akibadili mawazo akiwa ameshalala kitandani, anavaa suruali mnarudi nyumbani bila lawama. Na walimu waelezwe habari ya chooni, kwa sababu kukubali ili wenzake waache kumcheka ni ridhaa iliyonunuliwa kwa bei mbaya. Hatusemi haina thamani kabisa, watu wazima nao huamua mengi kwa kuogopa watu. Tunasema kwa miaka 12, ukisikia sababu pekee ni hiyo, ngojeni.

Mkisikia watu wakisema govi si kitu, au wakisema akikatwa ameharibiwa maisha, wote wanazidisha. Ni ngozi yenye mishipa mingi ya fahamu, na ikitoka hairudi. Wanaume waliofuatiliwa katika majaribio ya Kisumu na Rakai hawakuonyesha kupungukiwa na raha ya ndoa. Lakini hao walijitolea wenyewe, tena wakubwa, na habari zao haziwezi kubebeshwa mtoto aliyeshikwa magoti.

Akisema ndiyo

Chagueni kituo chenye huduma ya tohara ya hiari. Kabla ya siku yenyewe, apimwe uzito, na mweleze mhudumu historia ya damu. Swali hili linakuhusu wewe hasa, kwa sababu ugonjwa wa damu kutoganda hupita kwa mama: je, kaka zako au wajomba zako kuna aliyetokwa damu siku nzima baada ya kung'olewa jino? Selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa seli za damu, pia itajwe. Muuguzi aangalie tundu la mkojo liko wapi. Likiwa upande wa chini badala ya nchani, tohara isifanywe kabisa, kwa sababu daktari wa upasuaji atalihitaji govi hilo kurekebishia. Mwenye homa, kidonda au usaha anarudishwa nyumbani hadi apone. Chanjo ya pepopunda iwe imekamilika.

Muulize mtoa huduma anatumia njia gani. Kwa umri huu anatakiwa kupasua govi kwa juu kwanza, aone kichwa, ndipo akate kuzunguka. Akisema anatumia ile ya kubana kwa koleo, shukuru uondoke. Ganzi ya lignokeini ina kikomo, miligramu 3 kwa kila kilo. Kijana wa kilo 36 hapaswi kuzidi miligramu 108, yaani mililita 10.8 za dawa ya asilimia 1, au nusu ya hiyo, 5.4, ikiwa ni ya asilimia 2. Hapo ndipo makosa hutokea: chupa zinafanana, mtu hasomi asilimia. Na isiwe ile iliyochanganywa na adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu. Baada ya sindano wasubiri dakika 3 hadi 5, wabane ngozi kwa koleo na kumuuliza kama anasikia maumivu. Akisikia, hawakati.

Kazi yenyewe ni kama nusu saa. Akae nusu saa nyingine akiangaliwa, kisha mrudi kwa gari, si bodaboda. Nyumbani avae kaptula pana, uume uelekezwe juu kwenye kitovu ili usivimbe. Paracetamol ya miligramu 500, kidonge kimoja kila saa 6, visizidi vinne kwa siku. Aspirini asipewe, huongeza kutoka damu. Bendeji hukaa saa 48 ikiwa kavu, na hutolewa kituoni siku ya kurudi ya kwanza. Siku ya 7 anarudi tena. Nyuzi huyeyuka zenyewe. Usiku uume ukisimama nyuzi huvutika na huuma, hilo ni la kawaida. Aamke akojoe, litatulia. Mpira wa miguu na baiskeli vingoje wiki 6. Mavyaa akileta majivu, chumvi, unga wa mizizi au spiriti, pokea kwa heshima uweke kabatini.

Damu ndiyo tatizo linalotokea zaidi, mara nyingi siku ya kwanza, na aghalabu hutoka upande wa chini palipo na mshipa mdogo. Bendeji ikilowa, bana kwa kitambaa safi dakika 10 kamili bila kuchungulia. Isipokoma, nendeni usiku huohuo. Asipokojoa kwa saa 8, huenda bendeji imebana. Usaha, harufu, homa, uvimbe unaokua badala ya kupungua, taya kukaza: hayo hayangoji asubuhi.

Akitaka sherehe bila kisu, ipo nafasi. Familia nyingi sasa hutahiri hospitalini kisha hufanya karamu na mafunzo nyumbani. Zungumzeni na wazee wa ukoo mapema.

Akisema hapana, na ikafika Agosti

Ongea na baba watoto mkiwa wawili, kabla ya Mei, wala si kwenye kikao cha ukoo ambako atalazimika kuwa mwanaume mbele ya ndugu zake. Unachohitaji kutoka kwake ni sentensi moja atakayomwambia ndugu yake kwa mdomo wake: "Wangu si msimu huu." Wewe ukiisema utaonekana mke wa kabila lingine. Akiisema yeye, imesemwa.

Shule zikifungwa Agosti, mtoto asiende Bungoma hata kwa siku moja, hata kuwatazama binamu zake, hata mkiahidiwa. Katika joto la nyimbo za alfajiri, kijana wa umri wake hukamatwa na watu waliolewa ambao kesho wataomba msamaha. Akae Siaya kwa mjomba, na mjomba aambiwe ni kwa nini. Mwenyewe ajue mpango wote, pamoja na namba ya 116, ambayo ni ya bure kwa watoto, mchana na usiku.

Ukiona baba watoto ameyumba, usingoje Agosti. Julai nenda ofisi ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo, ueleze kwa maandishi jina la mtoto, umri, tarehe inayopangwa na nani anayepanga, na uombe nakala yenye muhuri. Peleka nyingine kwa chifu wa kule Bungoma, si wa Kitale, kwa kuwa ndiye atakayetoa kibali cha sherehe au kusikia ngoma. Afisa anaweza kuwaita shemeji zako na kuongea nao kabla hapajawa na kesi ya mtu yeyote. Hilo litawaudhi. Watakuwa na miaka miwili ya kupoa kabla ya msimu mwingine.